Jibu la Daktari wa Mifugo: Ninalisha Mbwa wa Mtaani Moshi na Karibu Ninahama. Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa na Mjerumani, na huu ni mwaka wa pili tunaishi Moshi kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Nilianza kwa kumwekea chakula mbwa mmoja aliyekuwa akilala nje ya geti letu pale Rau. Leo wanakuja sita, na jike mmoja amezalia mtaroni. Majirani wanalalamika, na mmoja ametamka wazi kwamba atawatilia sumu. Mwezi uliopita mbwa mmoja alinikwaruza mkono kwa jino wakigombea chakula, ila kidonda kimeshapona. Mtoto mmoja wa mbwa, mwenye umri wa miezi miwili, nimemwingiza ndani na ningependa niondoke naye tutakaporudi Ujerumani baada ya miezi mitano. Rafiki za mume wangu wako tayari kuchanga fedha nifungue kituo cha kutunzia mbwa hawa, na mmoja wao ni daktari wa wanyama anayetaka kuja kwa wiki mbili awafanyie upasuaji. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki nzima na hilo haliwezi. Jino la mbwa likichana ngozi, hata kama ni mstari mwembamba uliotoa tone moja la damu, huo ni mlango tosha wa kichaa cha mbwa, na kupona kwa kidonda hakumaanishi chochote. Hukusema kama mbwa aliyekukwaruza bado anaonekana, na jibu lote linategemea hapo. Mbwa anayetoa virusi vya kichaa kwenye mate huwa amebakiza siku chache za kuishi, ndiyo maana kanuni inayofuatwa na madaktari ni kumwangalia kwa siku 10 tangu siku ya tukio. Ikiwa mbwa yule yule, unayemtambua kwa hakika na si kwa kukisia, bado anakuja kula akiwa mzima mwezi mmoja baadaye, basi siku ile hakuwa na cha kukuambukiza. Ikiwa alitoweka, au huna hakika alikuwa yupi kati ya sita, acha kusoma na uende hospitali leo.

Usijiambie kwamba mwezi umeshapita na hakuna faida tena. Virusi hivi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, kwa kawaida kwa mwezi mmoja hadi mitatu na wakati mwingine zaidi ya mwaka, na chanjo inayoanzwa kabla ya dalili kujitokeza bado ina kazi kubwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa wa Moshi na mgonjwa wa Munich hali yao ni moja: karibu kila mara ni kifo. Piga simu kwanza hospitali ya Mawenzi au ya KCMC uulize kama chanjo ipo, kwa kuwa si kila siku hupatikana kila mahali, na ikikosekana Moshi usikubali kungoja hadi wiki ijayo, kwani Arusha ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Mweleze daktari kwamba ngozi ilichanika, maana jeraha la namna hiyo huhitaji chanjo pamoja na sindano ya kingamwili, na muulize yeye kama kingamwili hiyo bado inafaa baada ya muda uliopita.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ugonjwa huu haujaondoka kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu karibu 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na karibu wote waling'atwa na mbwa wa kawaida wa majumbani. Wewe unayeshika mbwa kila siku unapaswa kuchanjwa hata kabla ya kung'atwa: ni dozi mbili zinazopishana kwa wiki moja, na baada ya hapo ukipata jeraha jingine utahitaji dozi mbili tu za nyongeza, bila ile kingamwili ambayo ni ghali na adimu. Hata hivyo, jeraha lolote lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa, si kwa kukadiria. Mafuta ya taa, kitunguu saumu na unga wa tumbaku havina nafasi hapo.

Dalili za kichaa ambazo watu wengi wanazijua ni za mbwa mkali anayekimbia akitoa povu. Mlishaji wa mbwa huponzwa zaidi na ile sura nyingine ya ugonjwa, ya upole. Mbwa anakuja ametulia, taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, anajaribu kumeza na hawezi, na sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Kila anayemwona husema amekwamwa na mfupa kooni, na mtu mwenye huruma humfungua kinywa na kuingiza vidole ili autoe. Ukimkuta mbwa wa namna hiyo usimguse. Vilevile mtilie shaka mbwa ambaye siku zote alikukimbia na ghafla leo anakuja mwenyewe kujisugua miguuni pako.

Sasa tuje kwa hao sita. Kabla ya kuwaita mbwa wa mtaani, tafuta nyumba zao. Tafiti zilizofanywa nchini zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe, na mtu yeyote aliyekulia Kilimanjaro atakwambia hivyo bila utafiti. Mbwa wa ulinzi hufungwa mchana nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, na hufunguliwa usiku. Ukuta ukiwa na tundu, au mwenye nyumba akisahau kufunga geti alfajiri, mbwa anashika njia hadi kwenye bucha, jalalani, na siku hizi hadi getini kwako, ambako chakula ni bora kuliko makombo ya ugali anayopewa kwao. Kukonda kwake na kupe waliojaa masikioni si ushahidi kwamba hana mtu. Muulize mlinzi wako, au watoto wanaopita kutoka shuleni. Kabla jua halijazama watakuwa wamekutajia mbwa huyu ni wa kwa nani, yule aliachwa na wapangaji gani walipohama, na jike wa mtaroni alitokea nyumba ipi.

Jibu la watoto hao litabadilisha kila unachopanga kufanya. Huwezi kumhasi mbwa wa mtu bila idhini yake, hata kwa nia njema ya namna gani, na wapo wanaume ambao dume lao likihasiwa wataona wameibiwa mlinzi. Huenda pia ukagundua kwamba jirani anayelalamika ndiye mwenye mbwa wawili kati ya hao. Na zaidi ya yote, mbwa mwenye nyumba ana mtu atakayebaki naye wewe ukishaondoka. Mgeni mwenye mkataba wa miaka miwili anaweza kumzoesha mbwa kula vizuri kwa miaka miwili; jirani ndiye atakayekuwa naye miaka kumi. Kwa hiyo fedha na muda ulionao vitumie zaidi kwa jirani kuliko kwa mbwa: mlipie chanjo, mpe dawa ya kupe, mnunulie mnyororo mrefu usioumiza shingo, mfundishe mtoto wa nyumba ile kuweka maji safi kila asubuhi.

Kwa majirani usiende peke yako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ujitambulishe kama hujafanya hivyo hadi leo, kisha umwombe balozi wa nyumba zenu akuongoze. Mgeni akigonga geti na kuanza kumweleza mwenye nyumba jinsi ya kufuga mbwa, hata akiongea Kiswahili kizuri cha Mombasa kama wewe, atasikilizwa kwa adabu na kupuuzwa kwa adabu hiyo hiyo. Kuna jambo moja utakalolielewa kuliko wageni wengine. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kwenye pwani yenu na pia kwenye misikiti yetu, nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo, kabla haijaswaliwa. Ikiwa mabakuli yako yapo kwenye kichochoro ambacho watu hupita kwenda msikitini alfajiri, malalamiko yao ni ya haki, na dawa yake ni kuhamisha mabakuli.

Ama yule aliyetishia sumu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili dhidi ya wanyama, lakini sikushauri uanze kwa kumsomea sheria. Mwambie mwenyekiti, naye amwambie kwamba nyama yenye sumu huliwa na yeyote anayeiokota, kuanzia kuku na paka hadi mbwa wa mwenyekiti mwenyewe, na mbaya zaidi ni mtoto mdogo anayecheza mtaroni. Mwambie pia jambo ambalo hata baadhi ya viongozi hawalijui: kuua mbwa hakuzuii kichaa. Mahali palipoachwa wazi hujazwa na mbwa wengine ambao hawajachanjwa, na waliokuwa wamechanjwa huwa wamekufa pamoja na wengine. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo na kurudia zoezi hilo kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata lini kampeni ya chanjo itafika Rau, kwa kuwa kampeni nyingi hupangwa kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtaa ukijua kwamba wewe ndiye uliyesaidia kuwafikisha mbwa hao kwenye chanjo, maneno ya sumu hupungua yenyewe.

Usikatishe kulisha ghafla, ila kupangie utaratibu. Walishe mahali pamoja ndani ya ukuta wako au upande usio na njia, saa ile ile kila siku, kila mbwa na bakuli lake lililo mbali na la mwenzake, kisha ondoa mabaki baada ya nusu saa. Ulikwaruzwa kwa sababu sita walikuwa wanagombea sahani moja. Pumba na dagaa zilizopikwa pamoja zinatosha. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, maana hupasuka vipande vyenye ncha. Na ujue kwamba kulisha bila kuzuia uzazi ni kuongeza mbwa. Jike huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 au karibu na hapo, na akishiba watoto wake huishi. Ndiyo sababu ulianza na mmoja ukafika sita, pamoja na hao wa mtaroni.

Jike huyo asubiri hadi amalize kunyonyesha, yaani watoto wafikishe wiki sita hadi nane, ndipo atolewe kizazi, na watoto wasitenganishwe naye kabla ya hapo. Kabla ya kupanga siku ya upasuaji jibu kwanza swali hili: atalala wapi siku kumi zinazofuata? Jike mwenye mshono hawezi kurudi mtaroni; anahitaji chumba kikavu, au hata stoo safi, na mtu wa kumtazama kidonda asubuhi na jioni. Nimeona kazi nzuri ya kisu ikiharibika kwa sababu hakuna aliyefikiria stoo.

Watazame pia sehemu za siri, kwa majike na madume. Mbwa wanaozurura katika ukanda huu hupata uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana: nyama nyekundu yenye vinundu kama koliflawa, inayovuja damu kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na wenye mbwa hudhani ni joto lisiloisha. Fundi wa mtaani atajitolea kuukata kwa wembe. Mkatalie. Uvimbe huo kwa kawaida huisha kwa sindano za vinkristini zinazochomwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, lakini dawa hiyo ni kali kwa anayeishika na kwa mishipa inayochomwa, kwa hiyo ni kazi ya daktari.

Hapo ndipo linapoingia suala la rafiki wa mume wako. Sheria ya Veterinari, Na. 16 ya mwaka 2003, inataka kila anayetoa huduma ya udaktari wa wanyama nchini awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na shahada ya Ujerumani peke yake haimpi ruhusa ya kushika kisu Moshi. Aidha, kujitolea ni kazi machoni pa Uhamiaji, hata kama hakuna mshahara, na viza ya matembezi haitoshi. Vibali vya ukaazi vya daraja C ndivyo vinavyowahusu wanaojitolea, pamoja na watafiti, wanafunzi na wamisionari. Aandike kwa Baraza miezi mingi kabla ya kukata tiketi. Kama muda hautoshi, atume fedha za nyuzi, dawa za usingizi na malipo ya daktari wa hapa aliyesajiliwa, ambaye bado atakuwepo mshono ukifumuka Jumapili usiku. Nawe pia uliza Uhamiaji kibali chako kinakuruhusu nini kabla hujaanza shughuli ya kila siku inayohusisha michango ya watu.

Kuhusu kituo, jibu langu ni usifungue. Miezi mitano haitoshi hata kusajili shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na kupata eneo, achilia mbali kumpata mtu wa kuliendesha. Kituo kikijulikana, watu wataanza kutupa maboksi ya watoto wa mbwa getini usiku, na ugonjwa mmoja wa parvo, ule wa kuhara damu, ukiingia unaweza kuwamaliza wote kwa wiki moja, huku virusi vikibaki kwenye udongo kwa miezi. Wapo ambao tayari wanaifanya kazi hii kanda ya kaskazini, kama Mbwa wa Africa wa kule Usa River. Waulize wanahitaji nini, usiwaulize kama wana nafasi ya mbwa sita, kwa maana swali hilo wanaulizwa kila siku.

Sasa mtoto wa mbwa uliyemwingiza ndani. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili kwa sasa, umwanzishie chanjo ya parvo na distempa ambayo hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16, na usimtoe nje ya ukuta hadi hapo. Kama kuna mbwa aliyekufa kwa kuhara damu nyumbani kwenu miezi ya karibuni, osha sakafu kwa jiki iliyochanganywa na maji, kwa kuwa sabuni ya kawaida haiui virusi vya parvo.

Safari yake ni hesabu ya tarehe, na hesabu yenyewe ni ya kubana. Kwa Umoja wa Ulaya, Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo mbwa wake lazima wapimwe kinga ya kichaa kabla ya kuingia. Kwanza awekewe chini ya ngozi chipu, yaani kifaa kidogo chenye namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15. Chanjo ya kichaa iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi. Chanjo hiyo haikubaliki kabla hajafikisha wiki 12, kwa hiyo ni mwezi ujao. Damu hutolewa si chini ya siku 30 baada ya chanjo na kupelekwa nje ya nchi, kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, na majibu yasiwe chini ya uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipofika, mngoje miezi mitatu. Jumlisha utaona kwamba miezi yako mitano inatimia bila siku hata moja ya akiba, na mbwa wadogo waliochanjwa mara moja tu ndio ambao kipimo chao hushindwa zaidi. Mwisho kinahitajika cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kufika, na safari iishie kwenye uwanja wenye kituo cha ukaguzi wa wanyama wa wasafiri, kama Frankfurt.

Usifikirie kumvusha mpaka wa Holili kuingia Kenya ili mpande ndege Nairobi, au kumwacha kwa mama Mombasa kwa miezi michache. Kenya ina kibali chake cha kuingiza mbwa, na mbele ya Umoja wa Ulaya masharti yake ni yale yale ya Tanzania. Vilevile, mbwa akisafiri zaidi ya siku tano kabla au baada ya mwenyewe, huhesabiwa kuwa bidhaa ya biashara, na masharti yanaongezeka. Ukiona tarehe hazitatimia, chagua mapema kati ya mambo mawili: mmoja wenu abaki nyuma hadi miezi mitatu itimie, au mtoto huyo apate nyumba hapa hapa. Mimi ningechagua la pili. Mbwa mwenye chanjo kamili, aliyehasiwa na kuzoea watu, hakosi mtu Kibosho wala Kiborloni, na kwa gharama ya vipimo, sanduku na nauli yake hadi Ujerumani mbwa wote wanaokuja getini kwako wangetolewa kizazi na kuchanjwa. Lakini huyo ni mbwa wako na moyo ni wako. Ukiamua kwenda naye, chipu iwekwe siku ile ile ya chanjo, na hakikisha daktari anabandika stika ya namba ya chipu kwenye kadi kabla hajaandika jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe, kwa sababu mkaguzi wa Frankfurt husoma kadi hiyo kabla ya kumtazama mbwa.